Udongo Ulionipaka, Mama

Makoko, Musoma

Mama yangu, shikamoo.

Pokea kwanza salamu hii, kisha ukae. Najua ukimwona Doto amerudi kwako ameshika karatasi hii utakimbilia jikoni ujifanye unageuza ugali. Usikimbie. Miguu inaendeleaje? Kile kikohozi cha vumbi kimekuacha? Na mtama umeuvuna, au ndege wamekutangulia? Sisi huku ni wazima. Doto, lisome neno hilo polepole: wazima. Mimi, mume wangu Wambura, na mtoto. Ni wa kike, na ana sauti kama yangu, jambo ambalo baba yake analitangaza kwa huzuni.

Naandika kwa sababu simu umeikataa. Nikipiga unampa mdogo wetu Shija, naye anasema, "Mama yuko shambani," huku nakusikia unakohoa pembeni yake. Nimembana mpaka akasema. Kumbe tangu Doto aje huku kuniuguza, shangazi amekuwa akikaa uani kwako na kuwaambia wageni kwamba ulibakiza kidogo umuue mjukuu wako kwa uongo. Nawe umekubali. Sasa nitakueleza mambo yalivyokuwa, halafu nitamjibu shangazi. Nikimaliza, simu ikilia, uipokee wewe.

Jambo lilianzia Bunda. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Nilikwenda kumsalimu wifi yangu, dada yake Wambura, nikakuta mwanawe ana tetekuwanga mwili mzima, analia kwa kuwashwa. Wifi akanizuia mlangoni.

"Usiingie. Uliwahi kuugua hii?"

"Niliugua nikiwa mdogo."

"Una uhakika, wifi? Na hilo tumbo?"

Nilikuwa nao. Nilikumbuka udongo mweupe ulivyokuwa baridi shavuni, ulivyokauka ukanivuta ngozi. Hata hivyo nilikupigia palepale, nawe ukasema, "Mliugua wote wawili, nikawapaka wote wawili." Mashahidi wawili, na mmoja ni mama mzazi. Mahakama gani ingetukataa? Nikaingia, nikamwogesha mtoto, nikampakata mpaka akalala.

Wiki mbili hivi baadaye nilikuwa darasani nafundisha historia, mwili ukaanza kuniuma kama niliyelima kutwa. Kesho yake vipele vikatoka kifuani, vikajaa maji, vikapanda usoni. Wambura akanitazama.

"Hii ni ile ya Bunda."

"Haiwezekani. Mimi niliugua."

"Basi viambie hivyo vipele, labda vitakusikia. Mimi hunisikiagi."

Nikampigia Doto. Akasema, "Kulwa, wewe hukuugua. Niliugua mimi. Wewe ulipakwa tu."

"Nakumbuka udongo."

"Na mimi nakumbuka karanga. Nilikuwa najikuna mpaka natoka damu, wewe umekaa pembeni yangu umepakwa vilevile, unakula karanga. Siku ile nilikuchukia."

Hapo nikaelewa, Mama. Kwetu pacha hatengwi na mwenzake. Ukimpa Kulwa yai, Doto naye apate yai. Ukimnyoa mmoja, wembe unamngoja wa pili. Doto alipotoka vipele, ukakoroga udongo ukatupaka sote, asije mmoja akajiona amebaki peke yake. Miaka ikapita, nyuso mbili nyeupe zikawa, kichwani mwako na kichwani mwangu, wagonjwa wawili. Hilo si uongo. Uongo una mtu anayeujua ukweli akauficha. Hapa hakuna aliyeujua isipokuwa Doto, na Doto hakuna aliyemuuliza.

Hospitalini daktari aliniambia bila kunizungusha. Tetekuwanga ikimpata mama katika miezi ya mwanzo inaweza kumlemaza mtoto tumboni, ingawa si mara nyingi. Ikimpata karibu na kujifungua, mtoto anaweza kuzaliwa nayo, na kwa kichanga ni kali. "Ya mwanzo umeyapita na kujifungua bado," akasema. "Ninachokihofia sasa ni mapafu yako." Akanipa vidonge vya kumeza mara tano kwa siku, akanisifu kwa kuwahi. Akaniambia nikianza kukohoa au pumzi ikawa fupi, nisingoje.

Pumzi ikawa fupi, Mama. Sitakuficha hilo. Nilikuwa nahema kama niliyepanda mlima, nimeshika tumbo, nangoja mtoto acheze, na asipocheza nahesabu makosa yangu yote. Nikalazwa katika chumba cha peke yangu. Mama mkwe akafika kutoka Butiama, akasimama nje ya dirisha na kanga yake mdomoni.

"Sindano hapana," akasema. "Upele wa maji ukichomwa sindano unarudiga ndani. Sisi tulikuwaga tunamfungia mtu nyumbani, tunamwogesha majani, anapona."

"Na wale ambao hawakupona, mama?"

"Hao walikuwa na yao."

Nikaanza kumjibu, hoja baada ya hoja, huku nakata pumzi kila neno la tatu. Wambura akamshika mama yake bega. "Twende tukanywe chai. Mtu anayebishana hivi mapafu bado anayo." Muuguzi akanichoma sindano wakati huohuo, na upele haukurudi popote.

Kitu kimoja kinaniudhi mpaka leo, nami nitakisema. Watu wanauita ugonjwa wa watoto, na jina hilo limewalaza usingizi. Mjamzito anaulizwa kama amekula, kama amechagua jina, kama tumbo limechongoka la kiume au limetanda la kike, kwa upuuzi ule ambao wasomi nao wanaurudia. Nani anamuuliza kama aliwahi kuugua tetekuwanga? Aliyeniuliza ni wifi yangu wa Bunda, muuza sato sokoni, na mimi nikamshinda kwa maneno.

Sasa sikiliza hili, ndilo nililoandikia barua. Muuguzi alitaka mtu wa kukaa nami chumbani, lakini awe ni mtu aliyeugua kweli, si wa kudhani. Wambura hajui. Mama mkwe hajui, anasema kwao walikuwa wengi mno mtu kukumbuka nani alijikuna. Mtu mmoja tu alikuwa na ushahidi usiopingika, lile kovu la kipele juu ya nyusi. Doto akapanda basi huko kwetu Nzega, akafika na begi moja na maneno mengi.

Alikuwa ananipaka ile dawa ya maji ya rangi ya waridi, ya kutuliza mwasho. Siku moja niligeukia ukutani nikalia. Sikumwambia kwa nini, ila mtoto alikuwa ametulia kupita kawaida. Doto hakunibembeleza, unamjua. Nikasikia chupa inatikiswa. Nilipogeuka alikuwa amejipaka uso mzima, paji, mashavu, kidevu, amekaa kwenye kiti anamenya karanga.

"Leo zamu yangu," akasema.

Nilicheka mpaka nikakohoa, na mtoto akapiga teke. Teke la nguvu, Doto mwenyewe aliliona shuka lilivyoruka. Mama mkwe akachungulia dirishani, akapiga yowe: "Na huyu pia?" Tukazidi kucheka.

Kuanzia hapo pumzi ilirudi kidogo kidogo, vipele vikakauka. Doto alikataa kuondoka mpaka nijifungue. Mtoto alikuja kwa wakati wake, na daktari akamgeuza huku na huku, macho, vidole, mgongo. Hana alama hata moja. Mama mkwe ndiye anayemwogesha, na amemsamehe muuguzi.

Mwambie shangazi hivi, na Doto asome kwa sauti kama yuko karibu: nimegombana na mila nyingi, na nyingine nitagombana nazo mpaka nizikwe. Hii ya kutomwacha pacha peke yake naitetea. Udongo wako ulinipotosha kuhusu ugonjwa, lakini juu ya ndugu yangu haukunidanganya hata siku moja. Anayetaka kukushtaki aanze na mimi.

Msalimie Shija, umwambie hajui kudanganya na asijifunze. Msalimie mjomba na ng'ombe wake, na jirani yako wa vitumbua. Shangazi naye msalimie, simchukii. Mama mkwe anakusalimu sana, anauliza udongo huo unachimbwa wapi.

Jumapili baada ya misa nitapiga simu. Mtoto atakuwa karibu, utamsikia.

Ni mimi mwanao, uliyempaka bila kuumwa,

Kulwa