Gauni Lililofumuliwa

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umekupoa na yule msimamizi wenu wa kiwandani amepunguza ukali. Sisi huku ni wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ila ulimi hauna ugonjwa wowote. Juzi alimgombeza muuza mkaa mpaka mwenzetu akaomba msamaha bila kujua kosa lake. Anakusalimia sana.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu zipo. Simu nimeiogopa. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningeongeza uongo mwingine, na nimechoka kusema uongo. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, tena uimalize kabla hujanikasirikia.

Unajua hali ya duka tangu uondoke, miaka sita sasa. Kubadilisha zipu, kupunguza suruali, sare za shule mara moja kwa mwaka. Kinyozi wa mlango wa pili ndiye aliyenishauri nitangaze kazi mitandaoni. Alisema ile habari ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza imepitwa na wakati. Siku hizi hata kizuri kisipotembezwa kinaliwa na nondo. Akanifungulia ukurasa, nikaanza kuposti kaptura za shule. Kwa wiki tatu nilipata laiki nne, na moja ilikuwa yake.

Siku moja nikitafuta bitana nilifungua sanduku lako. Ndiyo, lile ulilosema mtu asiliguse. Nikalitoa gauni lako la harusi, ile harusi ambayo bwana harusi aliikimbia zikiwa zimebaki siku tisa. Nikalivika sanamu la dukani, nikalisogeza mlangoni penye mwanga, nikapiga picha mgongo wake, yale marinda yanayoshuka kutoka mabegani hadi kiunoni bila mshono kuonekana. Chini yake nikaandika kwamba ni kazi ya mikono yangu. Na kabla ya kuposti nilikubloki ili usiione. Uliponiuliza kwa nini ukurasa wangu haufunguki, nikausingizia mtandao. Mtandao hauna kosa, dada. Ni mimi.

Picha ilisambaa kuliko nilivyotarajia. Watu nisiowajua wakauliza fundi ni nani, nami nikawa najibu ni mimi, ni mimi, mpaka kidole kikauma. Kisha akaja muuguzi mmoja ambaye ana wafuasi wengi kwa sababu huwafundisha kina mama kulea vichanga. Alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu na alitaka gauni lile lile, mgongo ule ule. Nilipaswa kumwambia siwezi. Badala yake nikachukua futi, nikampima.

Naye akawatangazia watu wake. Kila asubuhi aliandika zimebaki siku ngapi, akanitaja, na watu wakawa wanasubiri kama wao ndio wanaoolewa. Sijawahi kuziogopa asubuhi kama zile. Nikisikia simu inalia, naigeuza kifudifudi. Kitambaa cha kwanza nilikiharibu kwa mkasi. Cha pili marinda yalisimama siku moja tu, kesho yake yakalegea kama soksi kuukuu. Mama akaniuliza kwa nini sili, nikamwambia nimeshiba.

Jumamosi, wiki moja kabla ya harusi, muuguzi alikuja kujaribu. Aligeuka mbele ya kioo, akatazama mgongo. Kisha akaniambia kwa upole kwamba hili silo la kwenye picha. Akanipa hadi Alhamisi. Baada ya hapo angewaambia watu wake ukweli, si kwa kunikomoa, bali wasije wakaumia na wengine. Heri angenifokea. Jioni hiyo mtu mmoja aliandika chini ya picha neno moja tu, tapeli, na watu thelathini wakalilaiki.

Jumapili, Mama alipokwenda kwa shangazi, nilifunga mlango, nikalilaza gauni lako mezani, nikachukua wembe. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba fundi akitaka kuijua kazi ya mwenzake haitoshi kuitazama, aifumue. Nikaufumua mgongo. Ndipo nikauona ule mkanda mwembamba wa pamba uliouficha ndani ya bitana, kila rinda limeshikizwa hapo kwa mkono. Nililia kwa wivu na kwa fahari, vyote kwa pamoja.

Hapo ningeacha, maana nilichokitafuta nilikuwa nimekipata. Lakini hukuniita Kiherehere bure. Wembe ukaendelea hadi mbele, kiunoni.

Dada, nimeona. Kila ubavu uliacha kitambaa cha vidole vinne, umekikunja ndani, na mstari wa pili ulikuwa umeshaupitishia uzi wa bluu, ule unaoutumia kuonyesha mahali pa kuachia. Nguo ya kawaida tunaacha kidole kimoja. Vidole vinne tunamwachia mwanamke ambaye tumbo lake huenda likawa limeongezeka kufikia siku ya kuivaa. Ulinifundisha mwenyewe nilipokuwa na miaka kumi na sita, ukasema mteja wa namna hiyo asiulizwe neno, aachiwe kitambaa tu.

Nilikaa sakafuni nikiwa na wembe mkononi. Nikakumbuka ulivyoondoka ghafla, nasi tukasema umekimbia aibu ya kuachwa. Mimi pia nilisema hivyo, tena mbele za watu, tena kwa kucheka. Nikakumbuka ulivyokataa kuja hata Mama alipolazwa. Nikakumbuka mwaka juzi uliponitumia vipimo vya mtoto wa miaka minne nimshonee kaptura, ukasema ni mtoto wa jirani.

Gauni la muuguzi lilikamilika Jumatano. Alipokuja nilimwambia kabla hajalivaa kwamba lile la kwenye picha lilishonwa na dada yangu, na kwamba mimi nimejifunza juzi tu. Akasema basi dada ndiye fundi na mimi ni mwanafunzi, ila mwanafunzi amefaulu, nimpe alijaribu. Alilivaa siku yake na likasimama vizuri. Nami nimeyafuta maneno yangu chini ya picha, nimeandika kwamba ni kazi yako, na nimekufungulia ukurasa wangu uuone. Wateja wanaendelea kuja. Wengine wanauliza gauni lile lilishonewa nani. Hilo sijalijibu, wala sitalijibu.

Kuiba kazi yako na kukudanganya, nakuomba unisamehe. Nimekosa na najua nimekosa. Kuhusu kulifumua, nikisema najuta nitakuwa nimerudia uongo. Miaka sita umelibeba jambo hili peke yako, na mimi mdogo wako nilikuwa nakuuliza habari za hali ya hewa. Gauni lenyewe nimelifunga vipande vyote kwenye shuka safi, na sitalishona mpaka wewe useme. Mama hajui lolote. Simu yake ni ya kitochi, haina mtandao, na mimi mdomo wangu nimeufunga. Ukitaka ubaki umefungwa, utabaki hivyo. Ukitaka nije, niambie siku, nitafunga duka.

Mama anasema usisahau kujipaka dawa ya mgongo, na kinyozi naye anakusalimia ingawa hakujui.

Nisalimie na mtoto wa jirani. Mwambie mama yake mdogo anamsalimu sana, na anaomba vipimo vyake vya sasa.

Mdogo wako akupendaye,
Kiherehere