Vikao vya Baba Nairobi

Champlin, Minnesota

Dada yangu Rispa,

Pokea salamu zangu, halafu utafute kiti chenye mgongo ukae. Goti linaendeleaje? Mama anakula vizuri? Yule ng'ombe mweusi ameshazaa? Sisi huku miili ni mizima. Baridi ni ile ile ya kukata masikio, lakini mimi imeshanizoea, inanipisha njiani. Bado naendesha gari la kuwapeleka wagonjwa hospitali kule Coon Rapids, na wazee wa Kizungu wakisikia anayewajia si Harun, wanasema heri waugulie nyumbani.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huwekwa katikati ya meza, nyumba nzima isikie. Barua hii nimempa mke wa mchungaji wetu anayekuja huko, akutie mkononi mwenyewe. Usiisome Mama akiwa karibu.

Dada, nimeduwaa.

Jumamosi iliyopita wakwe walikuja kumposa Debora wangu. Kijana ni Eliya, anasomea uuguzi, mpole, huosha mpaka sahani za watu wengine. Baba yake ni marehemu, anakaa na mama yake, mji wa Blaine. Huyo mama, Yunia, nilikuwa sijamwona kwa macho, maana ana kazi mbili na mimi nina zamu zangu. Ukoo wa baba wa kijana tuliuuliza, tukaona uko mbali na wetu. Wa mama hatukuuuliza. Nyumbani wazee wasingeuruka, lakini huku kila mtu anakimbilia kazini.

Nawe unanijua nikipokea wageni. Mbuzi mzima, kuku, chapati mlima. Na ukutani, juu ya televisheni, nilitundika ile picha ya Baba amesimama mbele ya Bunge, kofia mkononi, nimeikuza ikawa kama dirisha. Wakwe wajue wanaposa wapi!

Mzee Yona, msemaji wao, akaanza: "Tumeona ua katika boma hili…"

"Ngoja, mzee," nikamkatiza. "Kabla ya ua, lijue shamba. Hii ni nyumba ya seneta. Baba yangu aliingia Seneti bendera ya Malkia ikiwa bado inapepea Nairobi. Nyumba ya juu, si ile ya chini ya wapiga kelele! Wilaya nzima mtu mmoja, naye ndiye yule ukutani."

"Aa, basi mahari imepanda ngazi," Mzee Yona akasema.

"Imepanda lifti," nikamjibu. Watu wakacheka.

Yunia hakucheka. Aliinuka, akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kioo.

"Baba Debora," akasema, "picha ya baba yangu mmeipata wapi?"

Nikadhani ni mbinu za wakwe. "Mama Eliya, mahari tunapunguza, lakini si kwa njia hiyo."

Akataja jina la Baba, yote matatu. Akataja kovu la chini ya kidevu, ambalo pale pichani halionekani. Akasema kwao, Nairobi, picha hiyo ilikaa juu ya redio, na baba yake alikuwa akija mwisho wa mwezi, kisha anawaaga kwamba anarudi kazini wilayani.

Dada! Sisi tuliambiwa anakwenda Nairobi vikaoni! Nikabisha kwamba Baba alikuwa seneta mpaka mimi naacha shule. Mzee Yona akanishika mkono taratibu. "Harun ndugu yangu, Seneti ile haikudumu. Walichanganywa na nyumba ya chini, kisha uchaguzi ukaja. Baba yako alirudi Bungeni?"

Nani alituambia kwamba Baba alianguka kura? Miaka yote ile Mama anampigia suti pasi na kumfungia kuku wa safari, aende kwenye kikao cha nyumba iliyokwisha kufungwa! Na mimi hapa nimemtangaza seneta huyo mpaka kinyozi wangu anamjua.

Debora alikuwa amesimama na sinia. "Dadi, kwa hivyo Eliya ni nani wangu?" Aliuliza kwa Kiswahili, yeye ambaye hunijibu Kiingereza tangu darasa la kwanza. Eliya akatazama viatu vyake. Mzee Yona akafunga mazungumzo, na wageni wakaondoka bila kuonja kitu. Mbuzi mzima, Dada.

Mke wangu anasema labda Baba alimlea tu mtoto wa mwanamke yule. Laiti! Kama damu si ya Baba, harusi ipo. Kama ni yake, Debora anataka kuolewa na mtoto wa shangazi yake, na hilo kwetu halina mlango. Mtoto hali chakula. Anakaa ndani ya gari hapo nje, injini inaunguruma, ili tusimsikie akilia.

Jana nilimfuata Yunia kule Blaine. Akanimiminia chai. Nikamwuliza kama kuna mtu yeyote wa kwetu aliyewahi kufika kwao.

"Mmoja," akasema. "Mwanafunzi wa unesi, sare ya bluu. Alikuwa akija na Baba Jumapili, ananisuka nywele mlangoni. Tulimwita Dada Rispa."

Chai ilinimwagikia mapajani, sikuisikia.

Sijakasirika. Au nimekasirika, lakini itapita. Ulikuwa msichana, na yule alikuwa baba yako. Akisema nyamaza, ungefanyaje? Pengine ulinyamaza kwa ajili ya Mama. Lakini kichwa cha mtoto yule kilikuwa mapajani mwako, wewe unajua kama ni damu ya Baba. Usinitungie uongo mzuri kwa kuwa unanipenda. Nitumie neno moja kwenye simu, ndiye au siye, na Debora nitamwambia mimi mwenyewe.

Nisalimie shemeji, na mjomba fundi cherehani, na yule mpwa wangu aliyeingia sekondari. Mama mpe salamu za afya tu, hayo mengine tutajua baada ya jibu lako.

Yunia naye anakusalimia. Anasema hakuwahi kuelewa kwa nini uliacha kuja.

Ni mimi mdogo wako,
Harun