Mwambie Mama, Contessa

Alhamisi, 15 Januari

Wikiendi ya watu wawili imekuwa ya watatu. Mama mkwe amepiga simu asubuhi: anakwenda kwenye chemchemi za maji moto kutibu goti, na Contessa hawezi kubaki peke yake. Hakuuliza. Bi Delfina haulizi, anatangaza.

Contessa ni mbwa, ijapokuwa jina ni la bibi mwenye cheo. Mfupi, mnene, pua imebanwa kama aliyegongana na mlango. Anakoroma hata akiwa macho. Na Gualtiero alivyofurahi! Mume wangu huyu, niliyemwambia juzi nimekata tiketi za Roma akajibu "aha" tu, leo ameimba jikoni.

Nami nilikuwa na mipango yangu. Bekari moja ya mji wa Trieste inanitaka nikawe msimamizi. Jibu wanalitaka Jumatatu. Gualtiero hajui. Nilitaka nimwambie tukiwa Roma, wawili tu, mbali na televisheni — nimtazame usoni. Akitaka nibaki, nitabaki. Akisema atakuja nami, vizuri zaidi. Akisema "aha" — basi, nitakuwa nimejibiwa.

Tena kuna agizo. Jumamosi ni sikukuu ya Mtakatifu Antonio, mlinzi wa wanyama, na mama mkwe anataka Contessa akabarikiwe Roma. Si hapa Rovigo! Padre wetu hana kipimo cha maji. Mwaka jana alimlowesha masikio, mbwa akapata mafua. Mama mkwe ameleta fulana ya sufu aliyomfumia mwenyewe, na pete ya kufungia kamba ameishonea mgongoni, kwa sababu kamba ikifungwa kwenye ukosi humkaba mtoto. Na onyo: usiku wa kuamkia sikukuu wanyama husema kama watu. Tusiwasikilize, ni mkosi.

Nikamwambia mama mkwe kwamba Contessa asiposema, nyumbani kwetu hakuna mwingine wa kusema. Akadhani natania.

Ijumaa, 16 Januari

Treni. Contessa kati yetu, juu ya blanketi lake.

"Contessa, mwulize mama kama alifunga gesi."

"Contessa, mwambie baba nilifunga."

Ndivyo tunavyoongea mimi na Gualtiero: yeye baba, mimi mama. Sijui tulianza lini. Kila Jumapili mbwa analetwa kwetu, na kila Jumapili tuna maongezi. Jumatatu hadi Jumamosi tuna televisheni. Mwanamke wa kiti cha mbele akatabasamu, akasema tunapendana kweli. Sikujua anawasema akina nani.

Hatuna watoto. Tulikaribia mara moja, kisha hospitali, kisha basi. Sasa mimi ni mama wa mbwa wa mama mkwe wangu. Ukifuata ukoo vizuri, Contessa ni wifi yangu! Na tabia za wifi anazo.

Hotelini kijana wa mapokezi alimsalimia yeye kwanza. Bakuli, biskuti, kitanda chenye jina lake. Sisi tulipewa ufunguo. Kile kitanda chake hakukitaka hata kukinusa. Akapanda chetu, akajitandaza katikati. Nikapiga moyo konde: "Gualtiero, nina jambo nataka kukwambia."

Akaweka kidole mdomoni. "Shh! Kalala."

Chakula cha jioni. Mhudumu akainama: "Na mtoto atakula nini?" Kuku wa kuchemsha, bila chumvi, akafika kabla ya maji yetu ya kunywa. Mezani Gualtiero alikuwa mchangamfu — kwa Contessa. Nikaona, haya, kama njia ni hiyo, nipite hiyo hiyo.

"Contessa, mwulize baba: mama akihama Rovigo, atasikitika?"

Gualtiero akaangua kicheko. Akashika mguu wa mbwa, akaupungia kwangu, akasema kwa sauti ya kitoto: "Mama akienda, nani atanikatia kuku?"

Meza ya jirani wakacheka. Nikacheka nami. Niliumia, nikamkatia kuku.

Jumamosi, 17 Januari

Usiku wanyama hawakusema. Watu vilevile.

Uwanja wa kanisa ulijaa tangu mapema. Mbuzi, farasi, kobe ndani ya kapu, kasuku, paka kwenye kigari cha mtoto mchanga. Foleni? Hakuna. Roma kila mtu yuko wa kwanza. Jua lilikuwa zuri ajabu, na Contessa ndani ya sufu ulimi nje.

"We kaka, unamchemsha huyo!" akasema bibi mmoja aliyempakata jogoo.

"Kuna upepo," akasema Gualtiero.

"Upepo uko wapi?"

"Unampiga mgongoni. Mama alisema."

Bibi akanitazama mimi, kwa huruma ya kweli. Nikajifanya hamnazo. Kwetu upepo wa mgongoni ndio unaoua watu. Saratani inafuata kwa mbali. Mama mkwe hajawahi kukaa kati ya madirisha mawili yaliyo wazi tangu azaliwe. Gualtiero akavua skafu yake, akamfunga Contessa masikio, padre asije akayalowesha.

Padre akafika na ndoo. Mbuzi akapiga chafya. Farasi akaruka kando. Contessa akarudi kinyumenyume, akajikunja — na akatoka! Akachomoka ndani ya fulana kama njegere ndani ya ganda. Yule mnene! Sikujua ana mbio vile. Gualtiero akabaki na kamba mkononi, na mwisho wa kamba fulana tupu. Padre, ambaye alikuwa na wengi wa kubariki, akaibariki fulana akaendelea.

Tukakimbia. Kila tuliyemwuliza alimwona, na kila mmoja alionyesha njia yake. Mtaa huu, mtaa ule. "Contessa! Contessa!" Akina mama watatu waligeuka, labda ndivyo wanavyoitwa nyumbani. Hakuna mbwa.

Kisha, mbele ya duka la viatu, ikaanza.

"Ulikuwa umesimama tu!" akapiga kelele Gualtiero. "Unacheka!"

"Na wewe ulikuwa unamvalisha skafu! Nani anamvalisha mbwa skafu?"

"Ungesema!"

"Niseme na nani? Nipitie kwa nani, sasa hayupo?"

Tukatazamana. Hapakuwa na kitu kati yetu, hata blanketi.

Kwenye dirisha la juu mwanamke mwenye rola za nywele akaegemea viwiko. "Endelea, dada, usimwachie!"

Basi nikaendelea. Nikasema yote pale pale barabarani: Trieste, bekari, Jumatatu, kuku wa jana, "aha" zake zote. Nikamwambia nimechoka kuwa mama wa asiye wangu, na mke wa asiyeniona. Sijawahi kupiga kelele vile. Nilijisikia vizuri! Mungu anisamehe, mbwa wa watu amepotea nami ninajisikia vizuri.

Gualtiero alikuwa ameishika ile fulana kifuani. Akasema, pole pole: "Fiorenza." Jina langu. Nilikuwa nimesahau linavyotoka mdomoni mwake. "Fiorenza, tukae mahali."

Jumamosi, baadaye

Ninaandika chooni, kwenye baa. Daftari juu ya goti.

Tumekaa muda mrefu. Anaongea. Gualtiero! Anasema tangu hospitali hakujua aanzie wapi. Aliona nimefunga mlango, akaogopa kugonga. Mbwa alikuwa rahisi — kwa mbwa ukikosea neno, hakuna anayelia. Akalia yeye. Mhudumu akaleta vitambaa vya karatasi bila kuombwa.

Mama mkwe amepiga simu mara nyingi, anataka picha za baraka. Mwishowe Gualtiero akaizima. Amemkatia mama yake simu! Sijawahi kuona.

Akauliza Trieste bekari inafunguliwa saa ngapi. Akauliza kama kule kuna upepo. Upepo wa Trieste unaangusha watu, wote tunajua. Nikamwambia upo. Akasema, "Sasa sikiliza, mimi nilikuwa nawaza hivi —" na hapo simu yangu ikaita.

Namba ya Roma. Nikaja nayo huku.

Ni mwanamke wa duka la maua, nyuma ya kanisa. Anaye. Mzima kabisa, amekula nusu ya sandwichi yake na amelala juu ya mfuko wa udongo, anakoroma mpaka wateja wanauliza. Ukosi una kibati chenye namba yangu. Mama mkwe alisema iandikwe ya Fiorenza, Fiorenza hana shughuli. "Mnakuja kumchukua saa hizi, dada? Maskini, mtakuwa mmehangaika."

Nikasema: "Kaa naye kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

Nikamwambia nitampigia.

Roho inanisuta. Yule mwanamume kule nje anadhani wifi yangu yuko chini ya basi. Neno moja tu, na uso wake utang'aa, tutakimbia, tutambeba, naye atakaa katikati. Contessa, mwambie mama. Contessa, mwulize baba.

Anagonga mlango.

"Fiorenza? Upo salama? Toka basi, bado sijamaliza."

Nimeitoa simu sauti. Nimeiweka chini kabisa ya mkoba, nimesema "nakuja," na sasa natoka nimsikie amalize. Contessa atasubiri.