Ile Siku ya Matanga, Ulimlilia Nani?

Yaya, mukubwa wangu mupendwa,

Jina lako siliandiki hapa, wala langu. Barua hii itasomwa na kila mutu, na mimi naogopa.

Unakumbuka Jumapili uliyonipeleka kwa Maman, yule mama mwenye baa, kule mutaa wa Nguba? Nyumba ile imefungwa, ndiyo maana nathubutu kuitaja. Nilikuwa nimetoka misa, nikidhani tunaenda kunywa bia kama watu wote. Kumbe nyuma ya nganda yake wanaume wawili walikuwa wanacheza wameshikana kiuno, muchana kweupe, na hakuna aliyewashangaa. Nikataka kukimbia. Maman akanishika mukono: "Kaa, mutoto. Hapa hakuna mutu atakuuliza kitu." Nililia kama mujinga, na wewe ukanicheka.

Majirani walipouliza sisi tunaokusanyika kwa Maman ni nani, ukajibu haraka: "Sisi ni chorale, tunaimba kanisani!" Ee yaya, na mudomo wako! Haikupita wiki, jirani akafiwa na mama yake, akaja kutuomba tuimbe kwenye matanga. Tungekataa vipi? Tukajifunza nyimbo tatu kwa siku moja. Tuliimba vibaya sana, lakini wewe ulilia kuliko wafiwa wenyewe, na sababu uliniambia mimi peke yangu. Kuanzia hapo tukawa chorale ya kweli, kila matanga tunaitwa.

Kisha ukashuka Uvira kutafuta kazi. Uliosafiri nao walisema mulisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani pale Sange, ukanyang'anywa simu, ukabaki nyuma. Ndani ya simu ile kulikuwa na picha zetu zote. Wiki iliyofuata watu tusiowajua wakafika kwa Maman kuulizia chorale. Akafunga, akahama.

Sasa juzi namba yako imeniandikia: "Chorale inaimbia wapi siku hizi? Nitumie majina ya wote."

Wewe hujawahi kuniandikia bila kuanza na "umekula?" Nikazima simu. Nikaiwasha tena. Kama ni wewe, uko mahali umejificha, unatutafuta, na mimi nakunyamazia, Mungu hatanisamehe. Kama si wewe, jibu langu moja litawafikisha hao wenye simu yako kwenye mulango mupya wa Maman. "Usijibu," Maman ananiambia, kisha anageuka kupangusa machozi.

Basi nakuuliza hapa, mbele ya wote: ile siku ya matanga, ulimlilia nani? Nijibu hilo tu, nami nitashuka kukutafuta, hata kwa miguu. Usipojibu, itabidi tuimbe tena zile nyimbo tatu, safari hii kwa ajili yako, na hata mahali pa kuziimbia hatuna.

Ubaki na Mungu, yaya. Umekula?

Mimi mudogo wako, wa sauti ya pili.