Kamba Yako ya Mwisho Sasa Ni Mbili

Ndungu, Jumapili, baada ya ibada

Baba,

Shikamoo. Najua ungeitikia, "Marahaba, mama," kisha ungeuliza kama mbuzi wamekula. Wamekula. Mpunga umeshika vizuri, na lile beberu lako jeusi bado linawapiga wageni pembe.

Jana niliandika neno moja tu kwenye shajara: "Tumeifungua." Leo nakueleza kwa mpangilio, kama ulivyopenda.

Unaikumbuka kamba ya katani uliyoisokota pajani kabla maradhi hayajakulaza? Niliitundika ukutani, juu ya kiti chako. Sikukubali ifunge hata mzigo wa kuni. Sasa mjukuu wako Nakiete, yule uliyemwita "mke wangu", yuko kidato cha sita. Amepangiwa kueleza darasani jinsi DNA inavyofunguka, akaitaka hiyo hiyo. "Mama, za dukani zina nyuzi tatu. Ya Babu ina mbili, kama DNA." Nikakataa. Tukanuniana. Niliona akiifungua, utakuwa umeondoka mara ya pili.

Alinishinda kwa maneno yako mwenyewe: "Si Babu ndiye aliyesema kamba isiyofanya kazi ni nyasi tu?"

Basi jana akafanya jaribio uani. Alisema ndani ya kila seli kuna nyuzi mbili zilizosokotana namna hiyo, na kabla seli haijagawanyika, lazima ziachane ili kila mmoja utengenezewe mwenzake. Vinavyozitenganisha ni vimeng'enya viitwavyo helikesi, vinavyotembea juu ya uzi vikifumua msokoto ulio mbele yao.

Rafiki yako Mzee Elinami alijitolea kuwa helikesi. Akapenyeza kidole katikati ya nyuzi, akasukuma, akaenda vizuri kabisa. Halafu ugoro ukampigisha chafya! Kidole kikateleza, kamba ikajisokota yote, kama hakuna aliyeigusa.

"Marehemu ananichezea!" akapiga kelele. "Nitamshtaki. Mimi Mpare, njia ya mahakamani naijua!"

Baba, nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nakiete akaniambia niweke kidole nyuma ya kile cha Mzee, naye akaweka chake nyuma ya changu. Mzee akateleza tena, lakini safari hii kamba haikupata pa kujifungia. Kidole changu kilikuwa pale. Nakiete alisema zipo helikesi ambazo kila moja ikiwa peke yake huteleza vivyo hivyo, na nyuzi zikaungana tena. Zikijipanga kwenye uzi mmoja, ya nyuma huizuia ya mbele isirudi. Nikakusikia kabisa, siku za msaragambo, kijiji kizima tukizibua mfereji, na wewe ukipaza sauti: "Wa mbele asigeuke, wa nyuma asilegee!"

Tukafika mwisho. Nyuzi zako mbili zikalala mapajani mwangu, bado zimejikunja kwa mkono wako. Nikasubiri kilio. Hakikuja.

Maana Nakiete alikuwa ameshaleta katani mpya. "Bado, Mama. Kila uzi sasa unapata mwenzake." Tukasokota, mimi wangu, yeye wake, mapaja yakituwasha, Mzee Elinami akitukosoa kwa sauti yako. Tulipomaliza tulikuwa na kamba mbili, na katika kila moja uzi mmoja ni mweupe, mpya, na mmoja wa kahawia. Wa kwako.

Moja imemfunga beberu tangu asubuhi; anaivuta kwa hasira na haitoi hata unyuzi. Nyingine imo kwenye begi la Nakiete, kesho inakwenda naye shule.

Pumzika, Baba. Ukutani umebaki msumari, nami siuonei huruma. Nakuahidi kamba hizi hazitakaa bure. Na zikianza kuchakaa, hatutangoja zikatike: tutazifungua tena, kidole nyuma ya kidole, tuzisokote ziwe nne.

Binti yako,
Namsifu