Ubao wa Papa

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Kazi mpya! Mwalimu Shallon wa Remera anataka nimchongee wanyama wawili wa darasani. Papa nyundo, na yule wa Tasmania mwenye mistari mgongoni na mfuko kama wa kangaruu. Huyu alishatoweka duniani. Papa bado wapo, ila wanavuliwa mno. Nilipomwonyesha picha jirani yangu Twahiru, mpaka vanishi, alicheka sana. Papa hapa Gisozi? “Sisi iko na sambaza tu, samaki kidogo ya ziwa!”

Jumatano, 3 Septemba
Mwenye mistari amekubali kuchongeka haraka. Mfuko nimeuchonga mtupu. Kisha nikakaa chini, patasi mkononi. Mwanangu wa kwanza alifariki kabla ya siku ya nane, siku ya kupewa jina. Sasa nina mimba ya miezi saba, na daktari hafurahii. Kwetu mtoto haandaliwi vitu kabla hajazaliwa. Mimi hata soksi sijanunua. Naogopa.

Ijumaa, 5 Septemba
Redioni wanatangaza sherehe ya kila mwaka ya kuwapa majina watoto wa gorila. Nikaizima. Twahiru akaiwasha, mkaidi yule! Kichwa cha papa kinanisumbua.

Jumamosi, 6 Septemba
Shallon kaja kuangalia. Anataka wote wakae ubao mmoja, maandishi yasomeke: Wanyama Waliotoweka. Nikasema papa hajatoweka.
“Aah, dada, si ni mamoja? Na yeye atakwisha tu.”
Nilikasirika! Nikamwambia huyu amekufa, huyu anaogelea, siwaweki pamoja. Nikachukua msumeno, nikakata ubao palepale. Shallon kaduwaa, kisha akakubali: kila mmoja na ubao wake.
“Buhoro, buhoro, taratibu!” Twahiru akapiga kelele. “Iko mtoto ndani!”
Mtoto. Hakuna aliyekuwa amelitamka neno hilo mbele yangu. Nikajikuta nacheka.

Jumapili, 7 Septemba
Shallon kanitumia ujumbe: siku kama ya leo, mwaka 1936, ndipo alipokufa yule mwenye mistari wa mwisho, ndani ya kizimba. Nimemsikitikia.
Papa amekamilika. Kapendeza!
Kipande kirefu cha ule ubao kilibaki, nikakileta nyumbani bila kumwambia mume wangu Hirwa sababu. Hirwa kakipima kwa shubiri, akasema taratibu kinatosha ubavu wa kitanda kidogo. Anaijua desturi, na ananijua mimi.
Sasa amekishika magotini, anaomba penseli apige mstari. Ninayo moja tu, hii ninayoandikia. Tumboni teke, halafu jingine.
Anaiomba tena. Haya, chuku