Jicho la Mama Yako, na Lako

Chumba Na. 4, Nyuma ya Soko,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba, mwanangu. U mzima huko? Unakula? Mimi mama yako mdogo mgongo unanisumbua, ila nasimama. Baba yako hajambo, ingawa amepungua.

Umeniandikia kwamba umeota chokea, ya tatu mwaka huu, na wenzako bwenini wanakutania. Niliposoma hapo nilikaa kitako. Kuna jambo tulikuficha.

Mama yako naye aliota kijipu kwenye ukope wa kushoto, mara tu ulipoondoka. Karakana yetu unaijua: vumbi la vitambaa, mikono ina mafuta ya cherehani, na jicho likiwasha unalifikicha tu. Wenzetu wakaanza, "Mama mzima wewe, umemchungulia nani bafuni?" Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Kikaisha, kikarudi palepale. Mara nne. Kwa aibu akawa anavaa miwani nyeusi na kukitoboa mwenyewe kwa pini, akisema kimekwisha. Kope zilipoanza kunyonyoka, nikamburuta hospitali. Daktari wa macho alikata kijinyama akakipeleka kupimwa. Majibu yalipotoka akatuambia, "Hii haikuwa chokea, mama. Ni saratani ya ukope. Mngewahi, tungekata kipande tu."

Wiki mbili zilizopita walilitoa jicho lote.

Tulia, mwanangu, sikuandikii kukutisha. Nilimuuliza daktari habari zako pia. Kwa umri wako, alisema, karibu vijipu vyote vya ukope ni chokea tu: vijidudu vimeingia kwenye kitundu cha mafuta kilichoziba penye kope. Huletwa na mikono michafu, wanja wa siku nyingi, au magamba kama mba kwenye ukope. Zikirudirudi, kapime na sukari.

Nawa mikono kwanza. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, ufumbe jicho, ulikande dakika kumi, mara nne kwa siku. Kitambaa kiwe chako peke yako. Wanja huo tupa. Kijipu usikiminye, usikitoboe, hata kikikuita kwa jina. Lakini kikirudi mahali palepale, kisipopungua kwa wiki mbili, au uso ukivimba na homa ikaja, nenda kwa daktari siku hiyohiyo. Waache wacheke.

Mama yako amenikataza kukuandikia. "Asije akaniona hivi," ndivyo alivyosema, akageukia ukutani. Nimemuasi dada yangu kwa mara ya kwanza maishani. Chini ya sikio lake kuna tezi imevimba; wameipima kama saratani imefika huko, na majibu bado tunayangoja. Mtihani wako ukiisha, usingoje likizo. Panda gari uje.

Bibi yako anakusalimu, na baba yako pia. Fundi Kiraka wa karakana anasema hajakusahau.

Mola akulindie mboni zote mbili.

Ni mimi nikupendaye,
Mama yako mdogo.